Mtu Mzima Achaguapo Chuo Kikuu

Saa tisa na nusu alasiri, ofisi zifungwapo Mtumba, mabasi ya watumishi na daladala hujipanga kuelekea mjini Dodoma. Ndani yake wameketi watu wa miaka 35, 40, hata 50, wenye shahada moja waliyoipata zamani, na mazungumzo yao, baada ya habari za mishahara na viwanja, aghalabu huishia katika jambo moja: kurudi kusoma. Mmoja amekwisha kujaza fomu. Wa pili angojea tangazo la udahili. Wa tatu asema kwamba yeye hachagui chuo, atakwenda popote watakapompokea upesi. Kwa ajili ya huyo wa tatu twaandika somo hili, na pia kwa ajili ya mkewe na watoto wake, maana mtu mzima akirudi shule nyumba nzima hurudi pamoja naye.

Mtumba ni mahali papya kwa mashauri ya namna hii. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanywa mwaka 1973, ukalala miaka mingi, ukaamshwa mwaka 2016. Wizara zilipoanza kuhama, nyingine hazikuwa na paa la kujisitiri, zikakaribishwa katika majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 huko Chimwaga. Mwaka 2019 Mji wa Serikali ukafunguliwa pale Mtumba, yapata kilometa 17 mashariki ya katikati ya jiji, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro na Dar es Salaam. Basi wako watumishi waliokaa katika vyumba vya chuo kikuu muda mrefu wakigonga mihuri, wala wasifungue hata kitabu kimoja cha maktaba yake. Sasa wameondoka, nao ndio waulizao: nikasome wapi?

Swali hilo si baya, lakini limetangulia mno. Liko jingine la kuulizwa kwanza: ni kitu gani nisichokijua, ambacho kwa kutokijua kazi yangu inalala? Asiyeweza kulijibu hili kwa maneno yake mwenyewe, bila kutaja cheo wala mshahara, chuo chochote atakachokwenda kitamchosha.

Tumtazame mtu ambaye kila nyumba yamjua. Julius Nyerere alikuwa mwalimu katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, mwenye stashahada ya ualimu ya Makerere. Mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 27, alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, huko Uskoti, akarudi na shahada yake mwaka 1952, na mwaka 1953 akafunga ndoa na Maria. Huyu hakuwa kijana atokaye darasani kuingia darasani. Alikuwa amekwisha kushika chaki, ana watu wamtegemeao, ana mchumba amngojeaye. Tena angalieni masomo aliyoyasoma: uchumi wa siasa, historia, sheria ya katiba, falsafa ya maadili. Mwalimu aliyetaka kupandishwa daraja tu asingehangaika na mapana hayo. Kwa njia hiyo alijipatia nafasi ya kusoma na kufikiri, na matunda yake nchi iliyaona.

Liko na jambo dogo katika habari hiyo ambalo wengi hawalijui. Shahada ya Edinburgh huitwa “Master of Arts”, na msomaji wa haraka hudhani ndiyo shahada ya uzamili. Sivyo. Katika vyuo vikuu vya kale vya Uskoti hilo ni jina la shahada ya kwanza ya sanaa. Hii yatufundisha kwamba jina la cheti halitoshi kutuambia uzito wake. Lazima kuuliza ndani yake mna nini.

Wala watu wazima si wageni katika vyuo vyetu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba wamalizao kidato cha sita waende kwanza kazini kabla ya kuingia chuo kikuu. Agizo hilo lilikuwa na magumu yake, hasa kwa wasichana, ambao baadaye waliondolewa sharti hilo. Hata hivyo, kwa miaka ile wanafunzi waliopanda Mlimani walikuwa wamekwisha kuonja kazi, na mtu aliyewahi kusimamia ghala au kufundisha kijijini humwuliza mhadhiri maswali ambayo kijana hana. Mtumishi wa Mtumba asijione mzee mbele ya watoto; amebeba kitu wasichokuwa nacho.

Sasa tuyafafanue majina, maana hapa wengi hupotea. Kuna chuo kikuu kamili, ambacho hutoa shahada zake chenyewe. Kuna chuo kikuu kishiriki, ambacho hufundisha kikiwa chini ya ulezi wa chuo kikuu kingine, na shahada hutoka kwa huyo mlezi. Tena kuna ndaki, ambayo ni sehemu ya ndani ya chuo kikuu, kama ndaki ya elimu au ya sayansi. Kuwa kishiriki si aibu hata kidogo. Chuo cha Dar es Salaam chenyewe kilipoanza mwaka 1961 katika jengo la TANU, kwa wanafunzi wachache wa sheria, kilikuwa kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa mmoja wa ndugu watatu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1970 kikasimama peke yake. Kwetu Wakatoliki, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilichoanzishwa na Baraza la Maaskofu mwaka 1998 kilichipuka katika chuo cha Nyegezi, Mwanza, kazi iliyoanzwa na Askofu Blomjous mwaka 1960; nacho kimelea vishiriki kadhaa, na kimoja, Mwenge cha Moshi, kikakua hata kuwa chuo kikuu kamili.

Lakini kishiriki chategemea afya ya mlezi wake, na chuo chochote chategemea walimu wake. Serikali iliunda Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, mwaka 2005, ili ivikague. Mwaka 2017 Tume hiyo ilivizuia vyuo 19 visipokee wanafunzi wapya, na kozi nyingi za vyuo vingine zikasimamishwa, wala vyuo vya Kanisa havikukosekana katika orodha. Twasema haya bila kuficha, kwa kuwa wako wazazi wadhanio kwamba jina la mtakatifu mlangoni latosha. Jina la mtakatifu ni deni ambalo chuo hulilipa kwa walimu na maktaba. Basi kabla ya kulipa hata senti ya fomu, tazama orodha ya TCU, wala usitazame chuo tu, tazama na kozi yenyewe kama imeidhinishwa. Kwa vyuo vya nje vifundishavyo kwa intaneti, waulize TCU mapema kama cheti chake kitatambuliwa. Kuuliza baada ya kuhitimu ni kumwita mganga siku ya arobaini.

Tumfikirie mama mmoja. Ana miaka 41, ni ofisa mipango katika wizara mojawapo pale Mtumba, amepanga nyumba Ihumwa, mumewe ni mwalimu wa sekondari, wana watoto watatu na mkubwa yuko kidato cha pili. Shahada yake ya kwanza aliipata akiwa na miaka 24. Kila siku mezani pake hupita taarifa za mradi wa maji zenye hesabu na michoro, naye huzisaini kwa kuwaamini waliozitengeneza. Hilo ndilo limwumalo. Ataka kujua kuzipima mwenyewe. Amekwisha kulijibu swali la kwanza, na jibu lake ni zuri.

Mbele yake mna njia nyingi. Chuo Kikuu cha Dodoma kiko upande uo huo wa mashariki, kati ya Mtumba na mji, kina ndaki nyingi na shahada nyingi za uzamili. Mjini, mahali palipokuwa shule ya Mazengo, pana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana cha ndugu zetu Waanglikana, nacho kilianza mwaka 2007. Miyuji kuna Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, ambacho kazi yake inakaribiana sana na kazi ya mama huyu. Kuna Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama yeye, wasomao wakiwa kazini. Kuna Mzumbe, nje kidogo ya Morogoro katika njia ya Iringa. Na kuna Mwanza, mbali, ambako rafiki yake alisoma na anakusifu sana.

Mama huyu achukue karatasi, aandike juma lake zima saa kwa saa. Aamka saa kumi na moja, afika kazini saa moja na nusu, atoka saa tisa na nusu, afika nyumbani saa kumi na moja akipitia sokoni. Chakula, madaftari ya watoto, sala, kulala saa nne. Akiwa mkweli ataona kwamba siku za kazi hapati zaidi ya saa moja na nusu ya kusoma, na Jumamosi saa tano. Jumapili tusimguse. Jumla kama saa kumi na mbili kwa juma, bila kuhesabu misiba, na Dodoma kama kwingineko misiba haingoji likizo. Karatasi hiyo ndiyo imchagulie chuo kabla ya sifa za rafiki.

Mwanza, zaidi ya kilometa 600, bila ruhusa ya mwajiri ya kuacha kazi kwa muda, haiwezekani. Na akiipata ruhusa hiyo, ni lazima waulizane na mumewe nani atakaa na kijana wa kidato cha pili. Morogoro ilikuwa mbali, lakini tangu treni ya umeme ianze kuja Dodoma mwaka 2024 wako wanaosema wataweza kwenda Ijumaa na kurudi Jumapili. Wajaribu safari tatu mfululizo kabla ya kujiandikisha. Safari ya kwanza ni matembezi, ya pili ni safari, ya tatu ndiyo itakayowaambia kweli. Tena kituo cha treni si lango la chuo. Kuna nauli ya huku na huku na mahali pa kulala.

Chuo Huria chafaa saa zake, ila chataka moyo wa peke yake. Hakuna kengele, hakuna jirani wa kukutazama ukisinzia. Wenye tabia ya kumaliza walichoanza hufaulu vizuri sana huko, na waliozoea kusukumwa huachwa njiani. Kila mtu ajijue. Kwa vyuo vya jirani, Chimwaga, Miyuji na mjini, swali ni moja: vipindi vya kozi hiyo hufundishwa saa ngapi? Mwenye vipindi vya saa nne asubuhi na ofisi ya saa nne asubuhi hawezi kuwa mahali pawili. Aende idarani akaulize, asitegemee karatasi ya matangazo, kwa maana neno “jioni” katika matangazo lina tafsiri nyingi.

Haya yote ni mepesi. Sasa twafika penye uzito, nako ni kwa msimamizi.

Shahada ya uzamili aghalabu ina sehemu mbili: masomo ya darasani, na utafiti ambao mwanafunzi huuandikia tasnifu akiongozwa na mwalimu mmoja au wawili. Sehemu ya kwanza watu wengi huimaliza, kwa kuwa ina ratiba na mitihani. Sehemu ya pili ndiyo kaburi la watu wazima. Hakuna ratiba, kuna mtu mmoja tu ambaye wamngojea asome sura yako. Mimi niandikaye nilirudi shuleni nikiwa na umri wa miaka 38, katika chuo nisichokitaja. Masomo ya darasani niliyamaliza kwa mwaka mmoja. Kisha sura yangu ya kwanza ikakaa kwa msimamizi miezi saba. Aliporudi kutoka masomoni ng'ambo alikuwa amesahau jina langu, nami kwa haya ya ukubwa sikuthubutu kumkumbusha mapema. Nilimaliza kwa miaka minne kozi ya miaka miwili, na ada za nyongeza zilitoka katika fedha ya bati la nyumba yetu. Mke wangu hakunilaumu, lakini mvua ilitulaumu misimu miwili.

Kosa halikuwa la mwalimu yule peke yake. Mimi nilichagua chuo kwa jina lake na jengo lake, wala sikuuliza hata siku moja: katika idara hii, ni nani ajuaye jambo nitakalo kulichunguza, na je, yupo? Chuo kikubwa chaweza kuwa na mabingwa 20 wa mambo mengine, na asiwepo hata mmoja wa jambo lako. Chuo kidogo chaweza kuwa na mmoja tu, naye akawa mlangoni kila Jumanne. Mwanafunzi mzima, mwenye saa kumi na mbili kwa juma, huyo mmoja ndiye chuo chake.

Basi mama yetu afanye hivi. Aombe ruhusa ya siku moja aende idarani kabla ya kuomba nafasi. Asione haya; mtu anunuaye ng'ombe humfungua kinywa na kuhesabu meno, na hii ni ghali kuliko ng'ombe. Aulize ni walimu gani wasimamiao tafiti za miradi ya maji au mipango ya vijiji. Aulize kila mmoja ana wanafunzi wangapi mkononi. Aulize walioingia miaka mitatu iliyopita walikuwa wangapi, na waliohitimu ni wangapi. Karani akisitasita, hilo nalo ni jibu. Aulize sheria ya chuo yasemaje msimamizi akisafiri, akihama au akifariki. Kisha aondoke ofisini aende kivulini, awatafute wanafunzi walio mwaka wa pili na wa tatu, maana hao watamwambia yale ambayo ofisi haiyasemi.

Jambo la mwisho la siku hiyo ni maktaba. Aombe tasnifu mbili tatu za miaka ya karibuni katika fani yake, aketi, azisome. Hatahitaji ubingwa kujua kama zimeandikwa kwa bidii au kwa kunakiliana. Kama moja yazungumzia jambo lililo mezani pake na kumfumbua macho, atazame jina la msimamizi kwenye ukurasa wa mbele. Jina hilo ni la thamani kuliko lile la kwenye lango.

Hapa tuseme wazi juu ya uovu ambao watu huunong'ona. Wako wanaolipa watu wengine wawaandikie tasnifu, na wako vijana wenye kompyuta wafanyao biashara hiyo bila haya. Mtumishi wa umma afanyaye hivyo amekwiba mara mbili: amekwiba cheti, na kesho atakwiba nafasi ya mtu ajuaye. Pia chuo ambacho msimamizi wake hakumjua mwanafunzi kiasi cha kutambua kwamba maneno si yake, chuo hicho kisichaguliwe. Mwalimu aliyesoma sura zako tano hujua sauti yako kama mama ajuavyo kikohozi cha mwanawe.

Kuhusu fedha tutasema machache, kila nyumba yajua mfuko wake. Usiulize ada tu. Uliza jumla hadi siku ya mahafali, pamoja na gharama za kukusanya habari za utafiti, kuchapa, kufunga vitabu, na ada ya mwaka wa nyongeza kama utachelewa. Aliyesoma shahada ya kwanza kwa mkopo wa Bodi, na deni lake halijaisha, akumbuke kwamba asilimia 15 ya mshahara wake ina mwenyewe. Mkopo wa benki kwa ajili ya shahada, ukikutana na ada za mtoto wa sekondari, huleta vita nyumbani. Hivyo hesabu hii isifanywe na mmoja kwa siri. Tumesikia waume walioambiwa siku ya kufungua chuo, na wake walioona makato kwenye hati ya mshahara kabla ya kuona fomu. Keti mezani mkiwa wawili, na mtoto mkubwa naye asikie, kwa kuwa kazi za jioni zitamwangukia yeye.

Na barua ya mwajiri ipatikane mapema, kwa maandishi. Ahadi ya mkuu wa idara iliyotolewa koridoni huhama pamoja na mkuu huyo. Tena mtumishi asidhani kwamba shahada mpya itampandisha cheo yenyewe. Aulize utumishi kama fani aliyoichagua yatambuliwa katika muundo wa kazi yake. Aliye na shahada ya kwanza yenye alama hafifu asikate tamaa wala asidanganye. Mara nyingi hupita kwanza katika stashahada ya uzamili ya mwaka mmoja, na wapo waliopata humo kila walichokihitaji wakaishia hapo kwa amani.

Mama yetu, baada ya hesabu zake, amebakiwa na vyuo viwili, vyote vya Dodoma. Kimoja kina jina kubwa zaidi. Katika kingine amepata mwalimu aliyewahi kupima visima vijijini Chamwino, ambaye alimpa dakika 40 bila kutazama saa, akamwambia pia kwamba mwaka ujao atakuwa likizoni kwa miezi mitatu, akamtajia atakayemshikia nafasi. Fomu zote mbili ziko juu ya kabati, chini ya chupa ya chai. Mumewe amezisoma. Jumamosi hii watoto watakwenda kwa shangazi yao Ihumwa ya chini, na wao wawili watapanda daladala hadi maktabani, mume naye asome hizo tasnifu, kwa kuwa ndiye atakayepika Jumatano.